Kunakili Picha ya Vermeer

Wahenga walionya kwamba mwiga tembo hupasuka msamba. Hata hivyo, katika sanaa ya rangi za mafuta kuiga ni chuo cha kale. Picha ya Johannes Vermeer ya mtumishi amiminaye maziwa, iliyochorwa Uholanzi yapata mwaka 1660, ni ndogo: kimo chake sentimita 45.5, upana 41. Mwanafunzi ainakilipo hudhani kuwa uso na mikono ndiyo kazi ngumu. Punde hutambua kwamba kinachomshinda ni ukuta. Huitwa mweupe, lakini chini ya dirisha una giza, na nyuma ya mtumishi unang'aa.

Mwaka 2022 wachunguzi wa Rijksmuseum, Amsterdam, walieleza kwamba Vermeer alianza kuchora hapo, nyuma ya kichwa cha mwanamke, ubao wa kutundikia mitungi, kisha akaufunika kwa rangi. Ndipo mpaka wa kunakili ulipo. Nakala humfundisha mwanafunzi la kuweka. Haimfundishi la kuacha. Hupewa ukuta uliokwisha kutulia, asiuone ugomvi uliotangulia.

Basi na anakili. Lakini akimaliza achore chumba chake mwenyewe, na humo ajifunze kufuta.