Mchezo D:, kazi ya muda C:

Laptopu nyingi zilizotumika zinazouzwa Lubumbashi zina SSD ndogo, gigabaiti 128 au 256, na mpenzi wa michezo huongeza diski ya nje ya terabaiti moja. Kisha anaanza kuwaza: mchezo ukae D:, lakini upakuaji wa muda ufanyike C: yenye kasi. Inawezekana?

Steam, programu ya michezo ya kampuni ya Valve, haina kitufe cha jambo hilo. Kila maktaba ya michezo ina folda ya steamapps, na ndani yake mna mbili za kuangalia: downloading, inayopokea vipande vinavyotoka mtandaoni, na common, makao ya mchezo wenyewe. Ukichagua maktaba, umeshachagua na diski ya muda.

Mpango huo una sababu. Ndani ya diski moja, kuhamisha faili ni kubadilisha anwani yake tu. Gigabaiti 40 huhama papo hapo. Kati ya diski mbili, kila baiti husomwa na kuandikwa upya. Kwa anayepakua mchezo mpya kwa mega za simu, yaani data, megabaiti mbili kwa sekunde ikiwa ana bahati, hata diski kuukuu inakaa ikiusubiri mtandao. Kuleta SSD hapo ni kujiongezea kazi ya kunakili mwishoni.

Masasisho ndiyo yanayobadilisha hesabu. Michezo mingi hufunga picha na sauti zake katika faili chache kubwa sana. Sasisho la megabaiti 300 likigusa faili ya gigabaiti 40, Steam haiandiki juu ya ile ya zamani. Hujenga nakala mpya ndani ya downloading, ikichukua sehemu za zamani kutoka diskini na mpya kutoka mtandaoni, halafu hubadilisha. Ndiyo maana sasisho dogo hudai nafasi kubwa, na mtandao husimama huku diski ikihangaika. Katika diski ya kuzunguka, kichwa kilekile kinakimbia huku kusoma, kule kuandika. Hapo kugawa kazi kuna maana.

Njia yake ni kiungo cha Windows. Hakikisha hakuna upakuaji unaosubiri, funga Steam kabisa, tengeneza folda C:\SteamMuda, ondoa downloading ya zamani, kisha andika kwenye dirisha la amri:

mklink /J "D:\SteamLibrary\steamapps\downloading" "C:\SteamMuda"

Steam itaona folda mahali pake pa kawaida. Windows ndiyo inayoelekeza mzigo C:. Sharti D: iwe na mfumo wa faili wa NTFS. Diski nyingi za nje ni exFAT, isiyojua viungo hivi, na kuibadilisha ni kufuta kila kitu kilichomo. Hifadhi michezo kwingine kwanza, la sivyo mega zako zote zitarudi kazini.

Kuna gharama nyingine, hatari ya umeme kukatika, na mjini Lubumbashi ina uzito wake. Umeme wa Katanga hutoka kwenye mabwawa kama Nseke, Nzilo na Mwadingusha, pamoja na ule wa Inga unaosafiri kilomita 1,700 hivi hadi Kolwezi, na migodi inauvuta uleule. Delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, ni sehemu ya maisha. Ukiwa na kiungo, hatua ya mwisho ya faili ile ya gigabaiti 40, kwa megabaiti 80 kwa sekunde, huchukua zaidi ya dakika nane. Diski ya nje inayotegemea umeme wa ukutani ikizimika katikati, jiandae kukagua faili zote upya.

Kwa hiyo mwenye SSD ya 128 asijisumbue, nafasi haitamtosha. Mwenye 256 iliyo nusu tupu, ningemshauri aanze na njia rahisi: katika sifa za mchezo, auhamishie SSD wote, asasishe, aurudishe. Hakuna kiungo wala amri, na kuhamisha hakuli mega.

Tangu 2023 Steam pia inaweza kuchukua mchezo kutoka kompyuta nyingine iliyo kwenye mtandao uleule wa ndani. Marafiki wawili wa Katuba, Lubumbashi, wakiunganishwa kwa kebo ya gigabiti hupata megabaiti zaidi ya 100 kwa sekunde, na mara hii diski ya kuzunguka ndiyo inayochelewesha. Pokea kwenye maktaba ya SSD, halafu uhamishie D: usiku, umeme ukiwepo.