Kifaa cha Modi Hupimwa Siku ya Sasisho

Wachezaji wa gemu ya Skyrim wakisifu modi, yaani nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji wenyewe, husifu kinachoonekana: upanga mpya, mandhari, menyu nadhifu. Lakini SkyUI, menyu ambayo wengi huiweka kabla ya modi nyingine zote, inategemea Skyrim Script Extender, yaani SKSE. Hicho ni kifaa kinachoiongezea Papyrus, lugha ya skripti ya gemu hiyo, amri ambazo Bethesda, watengenezaji wake, hawakuziweka. Hakina sura wala sauti, basi utajuaje kama ni kizuri?

Usikipime gemu ikiwa inakwenda vizuri. Ngoja isasishwe. Kifaa cha namna hii lazima kijue kila sehemu ya gemu imekaa wapi ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, na sasisho likija, sehemu hizo huhama. Kilichotengenezwa ovyo kitagusa pasipo pake: gemu itazimika bila maelezo au, vibaya zaidi, itaendelea huku ikiharibu yale uliyohifadhi. SKSE hukagua toleo kwanza. Kikikuta geni, kinagoma na kukwambia sababu. Wengi huudhika, mimi naona hapo ndipo ufundi ulipo. Novemba 2021, Skyrim ilipotimiza miaka 10 na kupewa toleo jipya, plagini chungu nzima, yaani modi zinazopakiwa kupitia SKSE, zilisimama. Hata zile zilizotumia Address Library, orodha inayoipa kila sehemu namba ili plagini isitafute anwani yenyewe, hazikusalimika, kwa kuwa namba zenyewe zilibadilika.

Kisha soma logi, yaani maandishi ambamo kifaa hueleza kinachotokea, hata kama hujui kuandika programu. Hapa bado sijaona cha kuishinda SMAPI, kifaa cha modi cha Stardew Valley, gemu ya ukulima. Modi moja ikikosea, SMAPI hulidaka kosa, huandika kwa rangi nyekundu modi gani imelileta, na mara nyingi shamba lako huendelea kama kawaida. Faili za gemu zenyewe haizigusi. Kifaa kinachobadilisha faili asilia bila kukuuliza, kiache, hata kama kina amri mia.

Orodha ndefu ya amri hainishawishi hata kidogo. Afadhali kifaa kinachojua mipaka yake, kama Script Hook V ya GTA V: ukijaribu kuingia nayo kwenye mchezo wa mtandaoni, ambako modi zako zingewaharibia wengine, inaifunga gemu papo hapo.