Jiwe lenye pahali pake

Mtazame fundi akijenga ukuta pale Majengo, hapa Goma. Analishika jiwe la volkano, analigeuza, analigonga pembe kwa nyundo, analijaribu. Likitikisika, anachomeka kokoto chini yake. Likitulia, anashindilia simenti katika mianya yote na kuliendea jingine. Ukuta huo utasimama miaka mingi, ila jiwe lile lingeweza kukaa popote: juu, chini, hata kwenye nyumba ya jirani. Kinacholishika ni simenti, si umbo lake. Katika hekalu la Wagiriki ni kinyume, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama jengo lililoanguka linaweza kuinuliwa tena.

Nalifikiria hili kila nikikumbuka Katedrali ya Mtakatifu Yosefu ya hapa Goma. Tarehe 17 Januari 2002 ubavu wa kusini wa volkano ya Nyiragongo ulipasuka, uji wa moto ukashuka hadi katikati ya mji, ukafunika takriban asilimia 13 ya Goma pamoja na kipande cha uwanja wa ndege, ukaishia Ziwa Kivu. Kanisa likateketea. Likabaki gofu lisilo na paa, na mwamba mweusi umeganda pale waumini walipokuwa wakikaa. Kwa nini lisirudishwe vilevile, jiwe kwa jiwe, kama wanavyofanya kule Athens kwa hekalu la Parthenon?

Tuangalie basi kule walifanyaje. Parthenon ilijengwa kuanzia mwaka 447 hadi 432 K.K., kwa marumaru ya mlima Penteliko. Haina chokaa hata kijiko kimoja. Kila nguzo ni mapande ya mviringo yaliyopangwa moja juu ya jingine, na katikati ya kila pande kuna tundu la mraba lenye kigogo cha mbao na kijiti cha kulenga, ili pande la juu likae sawasawa juu ya la chini. Nyuso zinazogusana zilisuguliwa hadi kiungo kikawa hakionekani. Mawe ya kuta na ya juu ya nguzo yalifungwa kwa vibanio vya chuma, na kila kibanio kilizungushiwa risasi iliyoyeyushwa. Risasi ilizuia maji yasifike kwenye chuma, tena kwa ulaini wake ilimeza mtikisiko wa tetemeko.

Halafu kuna jambo linalonistaajabisha zaidi. Sakafu ya hekalu si tambarare. Imeinuka katikati, kama sentimita 6 upande mfupi na 11 upande mrefu. Nguzo nazo zimeinamia ndani kidogo, zimetuna kiasi kwenye kiwiliwili, na zile za pembeni ni nene kuliko nyingine. Kwa hiyo kila jiwe lilichongwa kwa mteremko wa mahali pake peke yake. Ukilihamisha hatua chache tu, halikai.

Mwaka 1687 bomu la Wavenezia liliangukia baruti ambayo Waturuki walikuwa wameihifadhi humo, na nguzo nyingi zikabomoka. Lakini mapande yake mengi yalilala palepale chini. Mhandisi Nikolaos Balanos, aliyeanza kazi huko mwaka 1898, aliinua safu ya nguzo za kaskazini kati ya 1922 na 1933. Alikosea mara mbili. Mapande mengi aliyaweka pasipo pake, maana kwa jicho yanafanana. Kisha akatumia chuma kingi bila ulinzi wa kutosha wa risasi. Chuma kikapata kutu, kutu ikavimba, marumaru iliyovumilia zaidi ya miaka 2,000 ikapasuka kutoka ndani. Wakati huohuo vibanio vya kale vilivyobaki katika risasi yao vilikuwa bado vizima.

Kamati ya urejeshaji iliyoundwa mwaka 1975 ililazimika kwanza kubomoa kazi ya Balanos. Chini ya wasanifu kama Manolis Korres, kila pande lilipimwa, likasomwa tundu lake na mteremko wake, likarudishwa kwenye nguzo yake halisi. Chuma kikatolewa, ikawekwa titani, isiyoshika kutu. Vibanio vipya hupigiwa hesabu viwe dhaifu kidogo kuliko jiwe: tetemeko likija, kikatike kibanio, marumaru ipone. Nadhani huo ndio uamuzi bora kuliko yote katika kazi ile. Palipokosekana kipande, pamejazwa marumaru mpya ya Penteliko, na weupe wake unaonekana wazi.

Sasa rudi kwenye katedrali yetu. Moto ule si baruti. Chuma kikifika nyuzi karibu 600 kimeshapoteza nusu ya nguvu zake, na kiungo cha simenti kikichomwa hivyo hubaki unga. Sakafu yenyewe ilifunikwa na mwamba. Hata ungekusanya kila jiwe lililoanguka, hakuna lenye tundu wala mteremko wa kukuambia lilitoka wapi. Kilichopo cha kurejesha ni vipimo, picha, na kumbukumbu za waliobatizwa humo. Na hizo hujenga kanisa jipya, haziinui lile la zamani.

Mwamba wenyewe haukuachwa. Ulipopoa, vijana waliupasua kwa nyundo na mtaimbo, wakaupakia kwenye chukudu, yale magari ya mbao ya kusukuma, ukawa misingi ya nyumba za mbao na kuta za viwanja, kila jiwe mahali litakapotulia.