Ufundi wa Kubadilisha Nusu ya Goti

Goti linaposagika, mara nyingi halisagiki lote. Eksirei ya mtu aliyesimama huonyesha jambo hilo waziwazi: upande wa ndani, ule unaoelekea goti la pili, mfupa wa paja umekalia muundi moja kwa moja, gegedu limekwisha, upande wa nje nafasi ingalipo, gegedu lingalipo, mifupa haijagusana. Mwenye goti hilo anachechemea, mguu umeanza kuingia tege, usiku halali vizuri. Njia iliyozoeleka ni kuondoa nyuso zote za kiungo na kumwekea goti bandia zima. Wapo wapasuaji, hata hivyo, wanaoitazama picha hiyo na kukataa kugusa palipo pazima. Nimewasoma na kuwafuatilia kwa muda mrefu, na kinachonivutia zaidi ni jinsi walivyojifunza kupima kabla ya kukata.

Kazi ninayoijua zaidi ni ile iliyoanzia Oxford, Uingereza, katika miaka ya 1970. Hawakuwa wa kwanza. Huko California, Leonard Marmor alikuwa tayari ameanza kuweka nusu goti mwaka 1972. Lakini Oxford walikutana watu wawili wenye taaluma tofauti, John Goodfellow aliyekuwa mpasuaji wa mifupa na John O'Connor aliyekuwa mhandisi, wakaliuliza goti swali la kihandisi: uzito unapitaje kutoka mfupa mmoja kwenda mwingine wakati mifupa yenyewe haishikamani wala hailingani umbo? Mfupa wa paja una mviringo, uso wa muundi ni karibu bapa. Katika goti la kuzaliwa nalo, vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mchanga hukaa katikati na kusogea pamoja na mfupa, hivyo uzito hutandazwa badala ya kulundikana mahali pamoja.

Jibu lao lilikuwa kuiga kusogea huko. Kipande cha chuma kinachovikwa mfupa wa paja ni sehemu ya tufe. Kile cha muundi ni bapa kabisa. Katikati hukaa kipande cha plastiki ngumu ya polithilini, juu kimebonyea kulipokea tufe, chini ni bapa, na hakijafungwa popote. Huteleza mbele na nyuma kadiri mtu anavyokunja na kunyoosha goti. Kwa sababu plastiki hiyo imegusana na chuma kwa uso wake wote, inalika polepole mno. Wengine wangeona ni hatari kuacha kipande kisicho na skrubu wala gundi ndani ya mwili wa mtu anayepanda ngazi. Hatari hiyo ni ya kweli, kwani kipande kinaweza kuchomoka. Ndiyo maana ufundi wote uliobaki unahusu kano.

Mwanzoni, mwaka 1976, waliweka kifaa chao pande zote mbili za goti. Kufikia 1982 walianza kukiweka upande wa ndani peke yake, na baada ya kuwafuatilia wagonjwa waligundua kwamba jambo moja lilitenganisha magoti yaliyodumu na yaliyoshindwa: kano la msalaba la mbele. Likiwa zima, mchubuko wa gegedu hubaki mbele na katikati ya upande wa ndani, mahali pale panapobeba uzito mguu ukiwa umenyooka. Nyuma, panapogusana mtu akikunja goti, gegedu hubaki. Kwa hiyo kila mgonjwa anapokaa kitini, tege la mguu wake hujinyoosha lenyewe, na kano la pembeni la ndani huvutwa tena hadi urefu wake wa asili. Miaka yote hiyo ya maumivu, kano halijafupika. Kano la msalaba likikatika, mfupa wa paja hurudi nyuma, mchubuko huenea, kano la pembeni husinyaa, na nafasi ya nusu goti imepita.

Hapo ndipo ulipo moyo wa kazi hii. Nguzo ya hema ikizama mchangani, kamba hulegea, lakini kamba hazina kosa lolote. Kazi ni kuinua nguzo mpaka zikaze kama zilivyokuwa. Mpasuaji wa nusu goti hakati kano, halilegezi, halirefushi. Anarudisha kimo kilichopotea, basi.

Mguu hutundikwa juu ya kishikio cha paja, goti likining'inia huru, ili liweze kukunjwa sana na kunyooshwa wakati wowote. Mkato ni mfupi, kuanzia pembeni mwa kilegesambwa kushuka hadi karibu na muundi, na kilegesambwa chenyewe hakipinduliwi. Kwanza hukatwa muundi: mkato mmoja wa wima pembeni kabisa mwa kano la msalaba, mwingine wa mlalo. Msumeno wa wima ukizama zaidi ya unavyotakiwa, mfupa uliobaki unadhoofika na unaweza kupasuka baadaye. Kisha kipande hutolewa na kugeuzwa mkononi. Mbele kina mfupa mtupu unaong'aa kwa kusuguliwa. Nyuma kina gegedu jeupe, zima. Mpasuaji anayekijua anachokifanya hukitazama kipande hicho kwa utulivu, kwa sababu kinathibitisha kwamba aliyelala mezani ndiye hasa upasuaji huu ulikusudiwa.

Baada ya hapo inakuja sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mfupa wa paja hauchongwi kwa kukisia. Goti likiwa limekunjwa kiasi cha digrii 90, mpasuaji hutia kipimo bapa cha chuma kati ya mifupa, halafu kingine, mpaka apate kile kinachoingia bila kubana wala kupwaya. Tuseme ni milimita 4. Kisha analinyoosha goti, lakini halinyooshi lote. Analiacha na mkunjo wa digrii 20. Sababu yake ni nzuri kuijua: mguu ukinyooka kabisa, utando mgumu wa nyuma ya goti hukaza, na kipimo kingesema uongo juu ya kano. Katika digrii 20 ni kano peke yake linalozungumza. Tuseme hapo nafasi ni milimita 1. Tofauti ni 3. Basi anachukua kigingi kidogo chenye namba 3, anakitia kwenye tundu alilokwisha kutoboa, na kichongeo cha mviringo kinasaga ncha ya mfupa milimita 3 kamili, kisha kigingi kinakizuia kisiendelee. Anapima tena. Sasa nafasi iliyopo goti likiwa limekunjwa ni sawasawa na iliyopo likiwa limenyooka.

Mwishoni huchaguliwa kipande cha plastiki. Vipo vya unene wa milimita 3 hadi 9, kwa tofauti ya milimita moja moja. Mtu asiyezoea angedhani kinene zaidi ni bora, maana goti litahisi imara mkononi na tege litanyooka vizuri pichani. Ni kosa. Kikizidi, mguu husukumwa upande wa pili, uzito huhamia kwenye gegedu zima la nje, na gegedu hilo nalo huanza kufa. Mpasuaji mzuri hukubali mguu ubaki na tege dogo alilokuwa nalo mgonjwa mwenyewe ujanani, kwa sababu kano ndilo lililoamua, si rula. Kujizuia kwa namna hiyo, na mkono unaweza kufanya zaidi, nakuheshimu sana.

Ndiyo maana upasuaji huu hauwafai wanaoufanya mara moja moja. Takwimu za Uingereza zimeonyesha kwamba nusu goti hurudiwa upasuaji mara nyingi zaidi kuliko goti zima, na pia kwamba wapasuaji wanaoweka chache kwa mwaka ndio wenye marudio mengi. Mwaka 2019 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa TOPKAT uliowafuatilia wagonjwa 528 katika hospitali 27 za Uingereza kwa miaka 5: walionusurishwa nusu ya goti lao walikuwa na hali sawa na waliobadilishiwa lote, na gharama ilikuwa ndogo zaidi. Kwangu matokeo hayo yanatosha kusema kwamba goti zima lisiwe jibu la kwanza kwa kila mtu. Yanatosha pia kumfanya mgonjwa amuulize daktari wake, kwa adabu, anaweka nusu goti ngapi kwa mwaka.

Kupona kuna mafundi wake, na hawasifiwi inavyostahili. Siku ileile au ya pili yake mtu husimamishwa na magongo na kuukanyagia mguu uzito wake. Mtaalamu wa fiziotherapia anamwekea taulo lililoviringwa chini ya kisigino na kumwambia asukume goti lishuke chini, kwa maana goti lisilonyooka mapema huzoea kukunjamana. Anamfundisha ngazi: kupanda, mguu mzima utangulie, kushuka, utangulie uliopasuliwa. Barafu iliyofungwa kitambaani, mguu uinuliwe, dawa za kuzuia damu kuganda zimezwe bila kuruka. Shavu la mguu likivimba na kuuma, mtu asisubiri, aende hospitali. Uvimbe na joto la goti huchukua miezi kuisha, na ngozi ya upande wa nje wa kovu inaweza kubaki na ganzi. Anayeambiwa hayo mapema hahangaiki akiyaona.

Halafu kuna kupiga magoti. Kwa anayetaka kurudi kusujudu, au kuinama mbele ya altare, au kukaa mkekani na wenzake, swali hilo ni zito kuliko idadi ya digrii. Wagonjwa wengi huepuka kabisa kupiga magoti kwa hofu ya kuvunja kilichowekwa. Oxford walilichunguza: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, wagonjwa 60 wa nusu goti waligawanywa makundi mawili, na wiki 6 baada ya upasuaji kundi moja lilifundishwa kupiga magoti na mtaalamu wa fiziotherapia, kwa muda mfupi tu, huku likielezwa kwamba halitadhuru goti. Mwaka mmoja baadaye waliofundishwa waliweza kupiga magoti vizuri zaidi kuliko wenzao, ilhali makundi yote yalikuwa yamewekewa chuma kilekile na plastiki ileile. Mtaalamu huanza na kitanda: mgonjwa anaweka goti juu ya godoro akiwa amesimama, anahamishia uzito kidogo kidogo, kisha mto sakafuni, mkono mmoja ukishika kiti, na mtaalamu naye amepiga magoti kando yake wakishuka pamoja.