Njia ya Jiwe

Kireka, penye machimbo ya Acholi Quarters, mama mmoja huketi juu ya gunia tangu alfajiri, mguu mmoja ameunyoosha, anagonga kokoto. Alifika Kampala kama wenzake wengi, akikimbia vita vya kaskazini mwa Uganda. Kiswahili chake ni cha kambini, kifupi, hakina mapambo, nami hupenda kukisikiliza. Siku ile alishika jiwe lenye mistari, myeupe na myeusi ikipishana. Akalitemea mate, akalipangusa kwa dole gumba; mistari ikajitokeza. Akaligeuza mara mbili, akalilaza ubavu, akapiga pigo moja. Likapasuka likifuata mstari mweusi.

“Ukipiga ovyo, mwanangu, linakuwa unga,” akasema. “Jiwe lina njia yake.”

Mate yale yalinirudisha kwa mzee aliyenifundisha mawe huko Entebbe, mji ambako Idara ya Jiolojia ya Uganda ilianzishwa mwaka 1919, E. J. Wayland akiwa mkuu wake wa kwanza. Mzee naye hakuwahi kutazama jiwe kavu. Jiwe kavu, alisema, limevaa vumbi la safari. Lioshe uso kwanza ndipo ulisalimu. Asubuhi moja alinikabidhi kipande chenye mistari na kuninyima jina lake hadi adhuhuri. Nilikigeuza juani mpaka macho yakauma. Katika weupe nikaona nyuso bapa zinazomeremeta kisha kuzimika kila nilipokiinamisha: hiyo feldispa. Kando yake palikuwa na chembe zisizo na uso, zenye mng'ao wa chupa iliyovunjika, ngumu kiasi cha kukwaruza kioo: hiyo kwatzi. Katika weusi kucha yangu ilibandua kigamba chembamba kama ganda la kitunguu: ulanga. Nilipomaliza kueleza ndipo akatamka, “Naisi.” Sijapewa neno kwa heshima kubwa kuliko ile.

Wengi hudhani mistari ile ni matabaka ya mchanga yaliyotuama ziwani. Mchanga hupukutika ukiusugua. Chembe za naisi zimeumana kama meno. Mwamba ule ulizikwa kina cha kilomita 20 hata zaidi, joto likapita nyuzi 600. Haukuyeyuka. Ulilainika, ukakandwa kama unga wa chapati, magamba ya ulanga yakalala yote upande mmoja chini ya mgandamizo, na vyeusi vikajitenga na vyeupe polepole, kwa mamilioni ya miaka. Ulanga ukitawala na jiwe likachanika kwa urahisi, hilo ni shisti. Joto likizidi, sehemu nyeupe huanza kuyeyuka, na mistari hujikunja kama utumbo wa mbuzi.

Chini ya maramu nyekundu inayofunika vilele vya vilima vya Kampala kama Nakasero na Kololo kuna miamba geu ya takribani miaka bilioni 2, mingine mikongwe zaidi. Tunaikanyaga kila siku tukienda sokoni.

Mama wa Kireka hajui jina la ulanga, lakini vipande vyenye kumetameta kupita kiasi huvitupa kando. “Hivi vinadanganya,” alisema. Ni kweli: ulanga mwingi kwenye kokoto hudhoofisha zege, kwa kuwa saruji haishiki vizuri juu ya magamba laini. Nani siku hizi huchambua hivyo? Mashine husaga yote pamoja, lori hupakia, fundi humwaga. Kuta zikisimama hupigwa plasta, kisha hubandikwa vigae vilivyochapwa picha ya jiwe. Tunanunua picha ya kitu tulichokisaga! Na vijana huelekeza simu kwenye mwamba, wakapokea jina kabla hata hawajauinamia. Natamani wangenyimwa jina lile mpaka adhuhuri, kama nilivyonyimwa mimi.

Kabla sijaondoka mama alikuta kipande ambacho mistari yake ilikuwa imejikunja mara tatu. Alikilowesha, akakitazama kitambo, nyundo imetulia pajani. Hakukipiga. Alikiweka kando ya dumu lake la maji. Jioni lori lilipofika, kijana mwenye koleo alianzia pale pale kwenye dumu, akakizoa pamoja na mawe mengine.