Ndoana Hujaribiwa kwa Ukucha

Jua halijapanda juu ya misonobari ya kaskazini mwa Wisconsin, na mvuvi ameketi kwenye mashua yake, tupa ndogo mkononi, ananoa ndoana. Akimaliza kuinoa anaiburuta ncha yake taratibu juu ya ukucha wa kidole gumba. Ikiteleza, anarudia. Ikikwama, imepita. Mbele yake vipo vyambo bandia vinane, kila kimoja kina ndoana mbili au tatu, na kila ndoana ina ncha tatu. Piga hesabu mwenyewe. Kazi yote hiyo ni kwa ajili ya samaki ambaye huenda asimwone leo wala kesho.

Samaki huyo ni muskie, kwa jina kamili muskellunge. Mtu wa pwani yetu akimwona atamkumbuka mzia: mrefu, mwembamba, taya limechongoka, meno ya kukatia. Ila huyu ni wa maji baridi yasiyo na chumvi, kwenye maziwa na mito ya kaskazini mwa Marekani na kusini mwa Kanada. Wenyeji humwita samaki wa kurusha mara elfu kumi. Wavuvi popote hawakosi kutia chumvi, lakini ni kweli kwamba mtu hushinda ziwani kutwa nzima akarudi mikono mitupu.

Mgeni akiona fimbo ya muskie hudhani imefanywa nene kwa sababu ya nguvu za samaki. Si uongo, lakini kabla ya samaki kuna chambo. Vyambo vya gramu 100 ni vya kawaida, na kile cha mpira kiitwacho Bull Dawg kina aina inayokaribia nusu kilo. Kurusha mzigo kama huo mamia ya mara kwa siku ni kazi ya kuvunja mabega. Ndiyo maana fimbo hutengenezwa kwa nyuzi za kaboni, nyepesi lakini ngumu, na mpini wake huwa mrefu wa kushikwa kwa mikono miwili.

Rili, yaani kigurudumu cha kukunjia mshipi, nayo huchaguliwa kama gia ya baiskeli. Kipo chambo cha manyoya chenye vibati viwili vipana vinavyozunguka majini. Kukivuta ni kama kuvuta ndoo iliyozama. Hapo panahitajika rili ya polepole, ambayo mkono ukizunguka mara moja, bobini inazunguka kama mara tano. Anayelazimisha rili ya kasi kwa chambo hicho ataujua mkono wake jioni.

Kwa chambo cha kushtua mambo hugeuka. Mimi hicho ndicho kinachonivutia kuliko vyote. Mfano wake ni Suick, kibao ambacho Frank Suick wa mji wa Antigo, Wisconsin, alianza kukichonga kabla ya Vita Kuu ya Pili, na hadi leo kinauzwa. Ni kipande cha mbao chenye mkia wa bati. Ukishtua fimbo kinapiga mbizi, ukiacha kinapanda chenyewe polepole kama samaki aliyejeruhiwa. Ukiukunja mkia ule kidogo kwa kidole, kina chake kinabadilika. Uhai wote unatoka kwenye kiwiko cha mvuvi, na rili ya kasi hapa inafaa, ikusanye haraka mshipi uliolegea.

Mshipi wenyewe ni wa kusuka, wa kuhimili kilo 36 hadi 45, ingawa rekodi ya dunia ya uzito wa muskie ya mwaka 1949, inayobishaniwa hadi leo, haikufika kilo 32. Sababu ni chambo tena: mshipi mwembamba ukijisokota katikati ya kurusha, chambo cha bei kubwa hukatika na kwenda zake. Mbele ya mshipi hufungwa kipande cha waya, na mvuvi wa nguru wa pwani hahitaji kuelezwa ni kwa nini.

Sasa tazama urefu wa fimbo. Zamani zilikuwa fupi, kama futi sita. Leo wengi hushika futi tisa. Muskie ana tabia ya kukifuata chambo hadi ubavuni mwa mashua, akakitazama tu. Mvuvi hakitoi majini. Anazamisha ncha ya fimbo na kuchora tarakimu nane pana, tena na tena. Fimbo fupi huchora kona kali ambayo samaki wa zaidi ya mita moja hawezi kuikata. Fimbo ndefu humpa nafasi ya kugeuka na kushambulia. Anapouma, mshipi uliobaki nje hauzidi mita moja au mbili.

Akishaingia wavuni, wavu mkubwa wenye nyuzi zilizopakwa mpira zisimchubue, hatolewi majini. Mvuvi anachukua koleo refu, na ndoana ikigoma, anachukua mkasi wa kukatia chuma na kuikata ile ndoana aliyoinoa alfajiri. Minnesota, muskie asiyefika inchi 54, yaani sentimita 137, sharti arudishwe ziwani. Wengi humrudisha hata aliyezidi.