Fani ya Buti: Kuyasoma Maji Katika Bodi ya Gari

Wahakiki wetu wamezoea kuuliza jinsi fani ya kazi inavyobeba maudhui yake. Swali hilo nataka kuliuliza kuhusu buti la gari, kwa sababu dimbwi linalokutwa chini ya tairi la spea baada ya mvua za masika halitaeleweka na mtu ambaye hajalisoma umbo la bati lenyewe. Wengi hukimbilia silikoni. Hilo nalihesabu kuwa kosa la usomaji kabla halijawa kosa la ufundi.

Nyanyua mfuniko wa buti la saluni yoyote ya kawaida, kisha tazama polepole. Kati ya ukingo wa mfuniko na bodi kuna mwanya ambao kiwandani haukuzibwa na kitu. Mvua huupita, na imekusudiwa iupite. Chini yake bati limekunjwa likawa mfereji unaoanzia chini ya kioo cha nyuma, ukashuka pande zote mbili hadi kwenye kona za taa, na maji yakamwagikia nyuma ya bampa. Upande wa ndani wa mfereji huo bati limeinuliwa likawa ukingo mwembamba, na juu ya ukingo huo ndipo ulipovalishwa mpira. Mpira basi hauko mbele kupambana na mvua. Uko nyuma ya mfereji, juu kidogo ya usawa wa maji. Aliyelibuni buti alikubali tangu mwanzo kwamba maji yatapenya, akayachorea njia ya kutokea. Majani na vumbi vikiujaza mfereji, maji hupanda hadi juu ya ukingo, na hata mpira mpya hautayazuia. Ukiuziba mwanya wa nje kwa silikoni, umeifuta sentensi ya kwanza ya maandishi yote.

Mwelekeo wa kiungo nao una maana yake. Kila mwezekaji anajua kwamba bati la juu hulalia la chini. Mini za kwanza, gari lililobuniwa na Alec Issigonis na kuanza kuuzwa Uingereza mwaka 1959, zilisifika kwa werevu wa umbo, lakini mazulia yake yalilowa. Mabamba ya sakafu yalikuwa yamelaliana kwa upande usiofaa, kiungo kikayakabili maji yaliyorushwa kutoka mbele badala ya kuyapa mgongo. Bati lilikuwa zima na magurudumu hayakuwa na ila; mpangilio wa vipande viwili ulitosha kuharibu.

Sehemu yenye uzito mkubwa katika buti ni kona ya taa. Mifereji inaishia hapo, na hapo hapo bodi imetobolewa ili taa ipachikwe. Kati ya plastiki ya taa na bati kuna gasketi ya sponji. Ikiwa mpya hujaza kila bonde. Baada ya miaka ya jua hubonyea, hukakamaa, na haijirudi tena. Tone likipita hapo halidondoki papo hapo. Hushikamana na bati kwa ndani, hufuata mkunjo, hupita nyuma ya kapeti, kisha hutokeza kwenye shimo la spea, mahali pasipo na tundu la kulaumiwa. Mwenye gari huona maji katikati ilhali yaliingilia pembeni na juu. Lakini njia ina alama zake: mstari wa vumbi lililoganda, uzi wa kutu, rangi iliyofifia. Huo ndio mwandiko wa maji, na mhakiki wa kweli huanzia hapo.

Ushahidi mwingine unatokana na wakati. Buti linalolowa gari likiwa limeegeshwa mvuani linaelekeza macho juu: taa, mpira, mfereji, mguu wa antena. Linalolowa baada tu ya safari kwenye barabara yenye madimbwi linaelekeza chini, nyuma ya bampa, kwenye matundu ya hewa yenye vilimi vya raba. Matundu hayo huruhusu hewa kutoka mlango unapofungwa. Raba ya kuyazunguka ikichoka, magurudumu hurusha maji ndani. Kwenye magari yenye mlango wa nyuma wa kunyanyua, usiusahau mpira mwembamba wa maji ya kuoshea kioo. Ukipasuka, buti hulowa hata siku ya jua kali.

Katika kutafuta, utaratibu ni ule ule wa msomaji makini. Toa kapeti na spea, kausha kila kitu, nyunyiza unga wa talki au paka chaki kwenye njia unazozishuku. Mwenzako akae ndani na tochi, viti vya nyuma vikiwa vimelazwa ili asifungiwe, nawe umwage maji kwa upole kuanzia chini ukipanda juu, ukisubiri kila mahali. Ukianzia juu, maji yatateremka kila pahali na hutajua ni kiungo gani kilichoyaingiza. Mpira nao upime kwa kipande cha karatasi: kiweke juu ya ukingo, funga, kivute. Kikitoka bila kushikwa, mpira haugusi hapo.

Magari yaliyowahi kugongwa nyuma yanahitaji jicho la ziada. Fundi bodi huweza kunyoosha, kuchomelea na kupaka pati hadi nje pang'ae, huku mshono wa ndani ukikosa ile gundi ya kuziba uliyowekewa kiwandani. Hapo hata taa mpya haitasaidia. Ni lazima mshono usafishwe hadi kwenye bati na uzibwe upya.

Wapo wanaotoboa shimo chini ili maji yatoke. Silikubali hata kidogo. Shimo hilo huacha chanzo kama kilivyo, hualika kutu, na laweza kuvuta moshi wa ekzosi hadi walipokaa abiria. Ukipeleka gari kwa fundi, mwombe akuonyeshe kwanza tone linapoingilia, ndipo afungue taa, abadilishe gasketi na kukaza nati kwa usawa bila kupasua plastiki. Asipoweza kukuonyesha, usimruhusu kufungua mrija wa silikoni.